Mume wangu anataka likizo ya kupiga mbizi Bonaire, na mimi naiogopa bahari

Ndugu Mshauri,

Mimi ni Mpemba wa Wete, nina umri wa miaka 38, na huu ni mwaka wa tisa tangu mimi na mume wangu tuhamie Uholanzi, ambako tunaishi kwa vibali vya ukaazi. Tuna watoto wawili, wa kiume mwenye miaka 11 na wa kike mwenye miaka 6. Kiangazi kilichopita mume wangu alijiunga na mafunzo ya kupiga mbizi huko Zeeland, katika maji ya baridi na kiza ambayo mimi hata kidole cha mguu sikuweza kukitia, akapata cheti cha kwanza, kile kinachomruhusu kushuka hadi mita 18. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hapana mazungumzo ila kisiwa cha Bonaire, huko Karibiani.

Anataka twende siku 12 katika likizo ya skuli ya mwezi wa Mei. Jioni moja alikaa mezani na daftari, akapanga kila kitu: mitungi ya hewa, gari la kukodi, nyumba karibu na bahari, na mbizi 22, mbili kila siku. Ya mwisho ameiweka asubuhi ya siku ya safari, kwa kuwa ndege inaondoka usiku. Mbizi alizopiga mpaka leo ni 9 tu, lakini katika orodha yake kuna meli kubwa iliyozama huko ambayo anasema lazima aione. Nilipomwuliza mimi na watoto tutafanya nini, alinijibu bila kuinua kichwa, "Si mtakuwa ufukweni?"

Sijui kuogelea. Tena nina jambo ambalo mume wangu analijua lakini naona halipi uzito. Mjomba wangu alikuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya kuazima, bila mafunzo wala kifaa cha kupimia kina. Siku moja alishuka mara nne au tano, akapanda juu haraka, na alipofika mashuani akasema miguu inamwuma. Walidhani ni uchovu, wakampaka mafuta ya nazi na kumlaza. Kulipokucha hakuweza kusimama. Leo anatembea kwa mkongojo, naye hajafika miaka 50.

Isitoshe, mume wangu anataka mtoto wetu wa kiume naye aanze mafunzo hukohuko. Na mama yangu, ambaye anatarajiwa kuja kwetu mwezi wa Aprili kwa visa ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ameshaambiwa kwamba tutamchukua, akafurahi na kuwaambia majirani. Fedha tunazo, tumeziweka kwa miaka mitatu. Sitaki kuwa mke wa kumkatiza mume wangu jambo alipendalo, lakini kila nikilifungua lile daftari kifua kinanibana. Nikubali au nikatae?

Mama wa Watoto Wawili, Uholanzi

JIBU

Dada yangu,

Naanza na lile jawabu la mumeo, "Si mtakuwa ufukweni?", kwa sababu mtu aliyesema hivyo hakuuliza ufukwe wa Bonaire ukoje. Wewe umekulia Pemba, na ukisikia neno ufukwe unaona Vumawimbi: mchanga mweupe, mikungu ya kivuli nyuma yako, na watoto wanakimbia mpaka wachoke. Upande wa magharibi wa Bonaire, ambako ndiko wapiga mbizi wanakokwenda, pwani kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe makavu lenye makali na vipande vya matumbawe yaliyokufa, vyeupe, vinavyolia kama vigae ukivikanyaga. Vivuli ni vichache, jua ni kali, na upepo hauishi. Kumkalisha hapo mama wa watoto wawili na bibi yao, asubuhi na jioni kwa siku 12, si likizo hata kidogo. Kwa hiyo sitakujibu ukubali au ukatae kwanza. Nitakuambia kisiwa chenyewe kikoje, halafu mlirudie daftari mkiwa wawili.

Mumeo hakukosea katika kuchagua. Bahari yote inayokizunguka kisiwa hicho, pamoja na ile ya kisiwa kidogo cha Klein Bonaire kilicho mbele yake, ni hifadhi tangu mwaka 1979, kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60. Mwamba wa matumbawe unaanza hatua chache kutoka ukingoni, kiasi kwamba mtu huegesha gari karibu na jiwe la manjano lililoandikwa jina la mahali, akavaa mtungi, akatembea na kuingia majini, bila mashua na bila kumngoja mtu. Sisi tuliozoea kupanga kila kitu kwa bamvua na maji mafu tutastaajabu, maana kule maji hayapungui wala kuongezeka ila kwa kimo kisichofika nusu mita. Joto la bahari ni kati ya nyuzi 26 na 29. Kwa mtu aliyejifunza Zeeland, kuingia katika maji hayo ni kama kutoka ghalani na kuingia sebuleni.

Lakini huo wepesi wa kuingia majini ndio unaonitia wasiwasi kwa ajili yake. Katika mbizi ya mashua kuna nahodha anayehesabu vichwa na kuna kiongozi anayejua mkondo. Katika mbizi ya kutoka nchi kavu hakuna anayekuhesabu. Mumeo ana mbizi 9, na katika barua yako yote sikuona mahali ulipotaja mwenzake wa kupiga naye mbizi. Atashuka na nani? Mpiga mbizi wa cheti cha kwanza hufundishwa kushuka na mwenzake daima, na mwenzake huyo huwezi kuwa wewe. Basi sharti langu la kwanza, ambalo naomba umsomee hivi lilivyo, ni kwamba alipie kiongozi wa kituo cha mbizi kwa siku tatu au nne za mwanzo, na baada ya hapo asishuke ila na mtu ambaye wameshashuka pamoja chini ya macho ya kiongozi huyo.

Kisiwa chenyewe kitamsaidia katika hili. Kila mpiga mbizi anayefika hulipa ada ya hifadhi, akaelezwa kanuni, kisha hupiga mbizi ya kujipima kabla ya kuruhusiwa kwenda na mwenzake bila kiongozi. Wengi huiona kero ya asubuhi moja, lakini yeye aiheshimu. Zeeland alivaa suti nene, na suti nene huelea, hivyo bila shaka alifunga kiunoni kilo nyingi za madini ya risasi ili azame. Bonaire atavaa suti nyepesi. Akijifunga risasi ileile atashuka kama nanga, ataangukia matumbawe ambayo yamechukua makumi ya miaka kukua, na hewa yake itamwishia nusu ya muda akihangaika kujiinua. Aongeze au apunguze kilo mojamoja akiwa katika maji ya kina kifupi, mpaka aweze kutulia bila kupanda wala kushuka. Glavu zake za Zeeland azibakize nyumbani, kwa sababu hifadhini humo zimekatazwa, ili mtu asishawishike kushika matumbawe. Vifaa vyake pia avisafishe vizuri kwa dawa kama watakavyomwelekeza. Mwaka 2023 uligunduliwa huko ugonjwa unaoyala matumbawe magumu mpaka yakabaki mifupa mitupu.

Hiyo meli anayoitaka naijua ni ipi. Inaitwa Hilma Hooker, yenye urefu wa mita 72, iliyoshikiliwa bandarini baada ya kukutwa na shehena ya bangi iliyofichwa nyuma ya ukuta wa uongo, ikazama tarehe 12 Septemba 1984. Imelala ubavu juu ya mchanga, kina cha mita 30 hivi, na sehemu yake ya juu kabisa iko karibu mita 18. Sasa tazama cheti chake: meli inaanza pale cheti kinapokwisha. Akiifuata katika hali aliyonayo, ama ataiangalia kutoka juu na kurudi na hamu yake, ama atavunja ahadi aliyoiweka kwa mkufunzi wake. Ikiwa anaitaka kweli, achukue mafunzo ya daraja la pili kabla ya safari, au ayachukue hukohuko katika siku za mwanzo, kisha aishukie na mkufunzi. Vinginevyo amwachie Mungu na aende penye gati la chumvi upande wa kusini, ambapo nguzo zimevaa sifongo za rangi ya machungwa na zambarau, kasa wanapita katikati yake, na kina chake kinalingana na cheti alichonacho. Hata hapo kuna sharti, maana meli ikiwa imefunga gatini hakuna anayeruhusiwa kushuka.

Nije kwenye ile mbizi ya asubuhi ya siku ya safari. Hiyo ifutwe. Mtu aliyepiga mbizi mfululizo kwa siku kadhaa anatakiwa akae nchi kavu saa 18 kwa uchache kabla ya kupanda ndege, na mimi ningempa saa 24 kamili. Sababu yake utaielewa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiyo iliyompata mjomba wako.

Mtu akiwa chini anavuta hewa yenye shinikizo kubwa, na naitrojeni iliyomo katika hewa hiyo huingia katika damu na nyama yake ikayeyuka humo, kadiri anavyozidi kina na muda. Akipanda polepole, inatoka kwa njia ya pumzi bila madhara. Akipanda kwa haraka inageuka mapovu ndani ya mwili, kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa kizibo kwa ghafla, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo huleta maumivu, yakikaa katika uti wa mgongo huondoa nguvu za miguu. Ndani ya ndege shinikizo la hewa ni dogo kuliko la usawa wa bahari, hivyo kupanda ndege mapema ni sawa na kupanda juu mara ya pili bila kupumzika. Mjomba alishuka mara nne au tano kwa siku bila kipimo cha kina, bila kuhesabu muda wa kupumzika baina ya mbizi, akapanda haraka, na maumivu yalipoanza akalazwa kwa mafuta ya nazi badala ya kupewa oksijeni na kukimbizwa kwenye chumba maalumu cha shinikizo, mahali ambapo mgonjwa hurudishwa katika shinikizo kama yuko chini na kupandishwa taratibu. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu waliomlaza, kwani walifanya walichokijua.

Nakueleza haya kwa sababu khofu yako ina msingi, na mumeo akikuambia "hayo ni mambo ya zamani" atakuwa amekosea. Hata hivyo, kilichomwumiza mjomba ndicho ambacho mafunzo ya mumeo yanakusudia kukizuia: saa ya mkononi inayohesabu kina na muda, kupanda taratibu, na kusimama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka. Bonaire kuna chumba hicho cha shinikizo. Mumeo akate bima ya mbizi inayogharamia matibabu yake, kwa kuwa bima nyingi za kawaida za safari zinawatenga wapiga mbizi au zinaweka mpaka wa kina. Asome kwa jicho lake mwenyewe, asitosheke na neno la wakala.

Halafu liko jambo la wewe unayebaki juu, ambalo mafunzo ya mbizi huligusia kidogo mno. Kabla hajaingia majini akuandikie mahali anaposhukia, saa aliyoingia, na saa ambayo ikipita bila yeye kuonekana unapiga simu. Namba ya dharura ya kisiwa iwe imeshaingizwa katika simu yako. Mbizi ya kawaida huchukua dakika 45 hadi saa moja. Akitoka akajibanza kuzungumza na wenzake wakati wewe unahesabu dakika, hapo mna ugomvi wa haki kabisa.

Kuhusu mtoto, mashirika ya mafunzo huruhusu kuanza na miaka 10, na kwa umri wake mpaka wake ni mita 12, akiwa na mzazi mwenye cheti au mkufunzi. Kwa karatasi, basi, baba yake anaweza kushuka naye. Kwa busara, mtu wa mbizi 9 bado anajiangalia mwenyewe, hawezi kumwangalia mwingine. Zaidi ya hayo sijaona popote katika barua yako mtoto akisema anataka. Mpeni miwani, bomba la kupumulia na mapezi, aelee juu ya mwamba siku kadhaa, kwa sababu pale mwamba uko karibu sana na juu na ataona pono na pweza bila mtungi wowote. Mwenyewe akija kuomba, mkufunzi yupo.

Na wewe? Upande wa mashariki kuna ghuba ya Lac, na sehemu yake iitwayo Sorobon maji ni ya magoti hadi kiuno kwa masafa marefu, ya vuguvugu, chini kuna mchanga, na mawimbi ya bahari kuu yanavunjikia mbali kwenye mwamba. Mtu asiyejua kuogelea anakaa humo na binti yake bila kutetemeka. Klein Bonaire hakukai mtu, lakini kuna mashua za kuwavusha watu kutoka Kralendijk, mji mkuu wa Bonaire, na ufukwe wake ni wa mchanga. Usijisumbue kuhusu mavazi, kwa sababu kule wengi huingia majini na nguo za mikono mirefu kwa ajili ya jua. Upande wa kusini, baada ya mashamba ya chumvi yenye maji ya rangi ya waridi ambamo heroe wanasimama kwa makundi, mtaviona vibanda vidogo vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliokuwa wakichimba chumvi, vifupi kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa kutambaa. Utumwa katika makoloni ya Uholanzi ya Karibiani ulifutwa mwaka 1863. Wapelekeni watoto. Wanasoma skuli za Kiholanzi na wanaijua lugha rasmi ya kisiwa, ingawa watakachokisikia mitaani ni Kipapiamentu. Na mkila hotelini ulizeni funchi: mtaletewa ugali wa mahindi, pamoja na mchuzi wa mbuzi.

Sasa mama, na hapa ndipo ninapotaka mchukue hatua wiki hii. Bonaire ni sehemu ya Uholanzi tangu tarehe 10 Oktoba 2010, lakini haimo katika eneo la Schengen. Nyinyi wenye vibali vya ukaazi vya Uholanzi hamhitaji visa kwa matembezi mafupi. Mama ni tofauti. Visa yake ikiwa ni ya kuingia mara moja, siku mtakayopanda ndege Amsterdam atakuwa ametoka Schengen, na mkirudi hataruhusiwa kuingia tena. Aombe ya kuingia zaidi ya mara moja, na aulize katika ubalozi wa Uholanzi kabla ya kununua tiketi kama atahitaji pia visa ya Karibiani, ambayo ni kibali kingine kabisa. Ameshawaambia majirani; kumrudisha njiani kutakuwa aibu kwake kuliko kwenu. Mfikirieni pia kwa safari yenyewe, ambayo ni ya saa 10 hivi angani.

Fedha sitazirefusha kwa kuwa mmejiandaa. Sarafu ni dola ya Marekani, vyakula vingi vinaletwa kutoka nje na bei yake inauma, na nje ya nauli kuna kodi ya kuingia kisiwani ya dola 75 kwa mtu mzima na dola 10 kwa mtoto, pamoja na ada ya hifadhi ya dola 40 kwa mtu mzima atakayeingia majini. Gari mtalihitaji. Mnapoegesha penye mbizi msiache kitu chochote ndani yake, hata miwani ya jua, kwa kuwa wezi wa vitu vya magarini wamezoea kwamba mwenyewe yuko chini ya maji kwa saa nzima. Usiku endesheni polepole, punda wanazurura barabarani.

Jawabu langu, basi, ni kwamba mwende, lakini kwa daftari jipya: mbizi za asubuhi tu, mbili kila asubuhi, akirudi kabla ya adhuhuri, siku mbili katikati bila mbizi kabisa, za Lac na za Klein Bonaire, na siku nzima kavu mwishoni. Hizo ni mbizi 12 au 14 badala ya 22, na kwa mtu wa mbizi 9 ni karamu. Akizikataa hizo saa za kukaa kavu kabla ya ndege, usikate tiketi. Mengine yote mnaweza kupatana.

Na kabla hajaandika ukurasa wa kwanza, mpigie simu mjomba, umpe mumeo azungumze naye wewe ukiwa umetoka chumbani. Amwulize mambo mawili tu: mbizi ya mwisho ya siku ile aliifuata kwa sababu gani, na zilipita saa ngapi tangu miguu ilipoanza kumwuma mpaka alipoonwa na daktari.